Tupeane uzoefu: wanaojitolea zimamoto Marekani, mkiitwa kaunti ya jirani inakuwaje?

Mwanzisha uzi, Pennsylvania
Wakuu, habari za humu. Najua tupo kadhaa tunaojitolea zimamoto huku. Kwa msiofahamu, wazimamoto wengi wa Marekani hawalipwi mshahara. Ni fundi, mkulima, dereva wa lori. Peja (kifaa kidogo cha kuitia wazimamoto) ikilia anaacha sahani mezani na kukimbilia kituoni.

Kituo chetu kiko maili mbili tu kutoka mpaka wa kaunti. Januari moja usiku natoka niende zamu, naona anga jekundu ng'ambo ya kijito. Peja kimya. Nyumba ile ilikuwa karibu na sisi kuliko kituo chochote cha kaunti yao, lakini simu ya 911, namba ya dharura ya huku, ilipokewa kwao, na orodha yao inaita vituo vya kwao kwanza. Walipoona wamezidiwa ndipo wakapiga simu kwetu, anwani ikaulizwa upya, ikaandikwa upya, peja ikalia. Tulipofika paa lilikuwa limeshadondoka. Watu wote walitoka salama, namshukuru Mungu. Mama wa nyumba alikuwa kwenye theluji na soksi tu, akaniuliza: "Taa za kituo chenu naziona kutoka dirishani kwangu. Mlikuwa wapi?" Sikuwa na jibu, na swali lile bado linaniuma. Kwenu mmelitatuaje?

Mdau wa Ohio
Pole sana mkuu. Kwetu kilichosaidia ni kutofautisha msaada wa kuombwa na msaada wa papo hapo. Ule wa kuombwa mpaka kiongozi afike kwenye moto, aangalie, ndipo aseme leteni wengine. Wa papo hapo umeshaandikwa kabla. Wakuu wa vituo vya pande zote mbili walikaa na ramani, wakaigawa vipande, kila kipande kikapewa gari la kwanza, maboza na gari la ngazi, bila kujali mpaka. Moto ukiripotiwa, peja za kaunti zote mbili zinalia pamoja. Maboza hasa msiyasahau, vijijini koki za zimamoto hakuna.

Redio ilitusumbua zaidi. Wao wako mfumo mwingine kabisa, tulikuwa tunafika hatusikii amri. Sasa kila gari letu la kwanza lina redio yao moja.

Dada wa chumba cha simu, Virginia
Mimi ndiye ninayepokea hizo simu, naomba niseme upande wetu. Ukipiga kwa simu ya mkononi karibu na mpaka, mnara unaoidaka unaweza kuwa wa kaunti ya jirani. Unaniambia "Church Road", na mimi ninayo Church Road yangu! Nikishagundua siyo kwetu nakuhamisha, na sikuachi hewani mpaka wenzangu wapokee, ila dakika zimeshakwenda. Tafadhalini, tajeni kaunti na njia panda ya karibu kabla ya yote. Wafundisheni hivyo na watoto.

Mdau wa Maryland
Na vifaa je? Februari 1904 Baltimore iliungua siku mbili, majengo zaidi ya 1,500. Wazimamoto walitoka Washington, Philadelphia mpaka New York, na wengi wao vichwa vya mipira yao ya maji havikuingia kwenye koki za Baltimore. Kipimo cha pamoja cha taifa kilikuja baada ya hapo, lakini si kila mji ulibadilisha. Gari letu lina kisanduku cha viunganishi vya kuunga mipira yetu na koki za jirani zetu. Mwezi Mei tuliwafuata uwanjani kwao, tukajaribu kimoja kimoja na maji yakipita. Viwili vilivuja, tukavibadilisha.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana, nimeandika yote. Mdau wa Ohio, nina kikao na mkuu wangu Jumanne na najua atauliza: gari letu likiwa ng'ambo, kwetu anabaki nani? Mlipanga vipi?

Mdau wa Ohio
Hilo nalo limo kwenye orodha, mkuu. Gari likivuka, kituo cha tatu kinasogea na kukaa kwenu mpaka mrudi. Nitakuandikia jinsi tulivyogawa vipande vyetu, mpelekee Jumanne.