Tupeane uzoefu: mliosoma kozi za ufundi chuo kikuu cha umma, siku za kwanza kazini mlikutana na nini?

mchundo_mkongwe: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili kozi ya magari, jana kaniletea daftari nimsaidie kujiandaa na mtihani, kufungua tu nakutana na mchoro wa kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, ule ule niliochora mimi enzi zangu, mpaka mishale ya nyekundu na bluu. Nimeishiwa nguvu. Marekani kila gari dogo jipya tangu 1996 lazima liwe na soketi ya OBD-II ya kusomea hitilafu, leo gereji huwezi kufanya kazi bila skana, na mimi wiki ya kwanza kazini nilipewa hiyo skana ikaniandikia P0301 nikabaki naiangalia. Dogo mmoja aliyejifunzia ufundi hapohapo, hana cheti chochote, ndo akanifundisha: kaka hiyo silinda namba moja inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa, hamisha koili yake ya cheche peleka namba mbili, futa kosa, washa, likirudi P0302 ujue koili imekufa, likibaki P0301 angalia plagi na injekta. Dakika mbili tu. Miaka yote ya chuo hakuna aliyenipa hizo dakika mbili. Nyie wenzangu ilikuwaje?

dada_wa_baridi: Umenigusa pabaya. Sisi wa friji na viyoyozi ilikuwa R-22, ile gesi ya zamani ya kupoozea, asubuhi R-22 jioni.

jiliwa: Ngoja na mimi niliseme hili maana sijawahi kulisimulia vizuri. Chuoni kwetu mashine ya CNC, ya kukata chuma kwa kuongozwa na kompyuta, ilikuwepo, mpya kabisa, imefunikwa turubai, ufunguo wa chumba anao mtu mmoja na kila tukienda yuko kwenye kikao. Kwa hiyo G-code, lugha ya kuiamrisha hiyo mashine, tulisomea ubaoni, G00 kwenda haraka, G01 kukata kwa mwendo uliopangwa, na mtihani tuliandika programu nzima kwa kalamu kwenye karatasi, nikapata A. Nafika fildi, supavaiza anaona matokeo yangu anafurahi, ananipa kazi ndogo ya kutoboa matundu manne kwenye bamba la chuma. Nikaandika programu vizuri, nikaita drili ndefu namba tano, halafu mstari wa kufidia urefu nikaandika G43 H04 badala ya H05, hiyo H ndo inaiambia mashine itumie urefu wa kifaa namba ngapi. Herufi ipo, namba ipo, mashine haina la kulalamika. Namba nne ilikuwa kifaa kifupi, kwa hiyo mashine ikaamini drili ni fupi kuliko ilivyo, nikabonyeza kitufe cha kuanzia, spindo, ule mhimili unaozungusha drili, ikashuka kwa kasi yote ya G00 drili ikapita pembeni ya bamba ikaenda kujikita kwenye jiliwa. Ule mlio jamani. Karakana nzima ikanyamaza. Kitufe chekundu kilikuwa shibri moja na mkono wangu lakini mkono haukusogea, aliyekuja kubonyeza ni mzee mmoja alikimbia kutoka mashine ya tatu. Drili vipande, kishikio kimepinda, jiliwa ina shimo hadi leo. Yule mzee hakunifokea. Alisubiri niache kutetemeka akanionyesha: kipande cha kwanza unaenda bloku moja moja, yaani mstari mmoja mmoja wa programu, kasi ya G00 unaishusha mpaka asilimia tano, mkono unakaa kwenye kitufe cha kusimamisha, macho yako kwenye skrini yanasoma umbali uliobaki na ncha ya drili iko wapi. Hiyo haifundishiki ubaoni hata ubao uwe wa dhahabu.

kontakta3: H04 hapo nimeshika kichwa.

tupa_na_msasa: Spindo ilipona???

Mzalendo_wa_Karakana: Mimi nitapingana na nyie. Sisi mwaka wa kwanza tulipiga tupa kipande cha chuma wiki sita mpaka kikae mraba, mwalimu anaweka skwea anaangalia mwanga, ukipita hata kidogo unarudi. Malengelenge mikono yote. Lakini leo nikipitisha kidole kwenye kazi najua imetoka au haijatoka. Mnataka kompyuta kila mahali, vijana hawajui kushika tupa.

kontakta3: Mkuu tupa hakuna aliyeikataa. Wiki sita sawa, ila sisi ilikuwa muhula mzima kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutupatia, usigeuze uhaba kuwa falsafa.

Mzalendo_wa_Karakana: Uhaba gani? Nidhamu hiyo. Ungekuwa nayo usingeandika H04.

kontakta3: Aliyeandika H04 si mimi, soma vizuri.

dada_wa_baridi: Acheni ugomvi nimalizie langu. Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni ulisainiwa 1987, marekebisho ya Kigali yakaja 2016, gesi za friji zimekuwa zikibadilika muda wote huo na sisi darasani tunakariri R-22. Kazini nikapewa friji, nikawasha tochi ya gesi niachanishe bomba, fomeni akanidaka kifundo cha mkono. Kwenye kompresa kulikuwa na pembetatu ya njano yenye alama ya moto, R-290, yaani propani. Nilikuwa nimeiona. Sikujua inasema nini.

jiliwa: Mungu mkubwa dada.

mwl_wa_umeme: Nafundisha kozi hizi chuo cha umma, niseme upande wetu. PLC, zile kompyuta ndogo za kuongoza mitambo, zilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kuondoa makabati ya rilei (swichi za sumaku-umeme) kwenye viwanda vya magari, na mimi mtaala wangu bado unaziita teknolojia mpya. Kuubadilisha naanzia idara, kitivo, seneti, kisha mdhibiti, ukirudi umepitwa tena. Likizo iliyopita nilienda kiwandani kwa nauli yangu nikajifunze, kwenye kupanda cheo haihesabiki popote, makala kwenye jarida ndo inahesabika. Hata mkituletea mashine kumi, mwalimu ambaye hajawahi kuigusa ataifunika turubai kwa sababu anaogopa kuiharibu mbele ya wanafunzi.

fikiria_tena: Tuige Ujerumani basi, mwanafunzi nusu kiwandani nusu darasani.

kontakta3: Zile ni shule za ufundi, hapa tunaongelea chuo kikuu.

fikiria_tena: Baden-Württemberg wana chuo kikuu cha serikali cha namna hiyo tangu 2009, kama miezi mitatu chuoni miezi mitatu kwa mwajiri, mpaka digrii. Na mwajiri anamlipa.

Mzalendo_wa_Karakana: Na viwanda vya kuwapokea wanafunzi wote hao unavitoa wapi?

mchundo_mkongwe: Hapo Mzalendo kauliza la maana. Wetu walipelekwa fildi wakaishia kufagia na kuchemsha chai.

tupa_na_msasa: Jamani spindo.

jiliwa: Haikupona. Waliweka dayali, geji ya kupima kama mhimili unayumba, ikacheza mikroni 20, yaani milimita 0.02, beringi zikabadilishwa, mashine ikasimama siku tisa. Hawakunifukuza.

mwl_wa_umeme: Ndugu jiliwa, muhula ukianza unaweza kuja kuwaeleza wanafunzi wa wenzangu wa mitambo hayo ya H04? Nitaomba ufunguo wa chumba cha mashine mimi mwenyewe.

jiliwa: Mwalimu ukipata ufunguo nakuja. Mashine yenyewe isipowashwa, siji.

mwl_wa_umeme: Kesho asubuhi naenda ofisini kwa mwenye ufunguo, na nikikuta yuko kikao nakaa mlangoni.