Re: Jiografia – nitie tiki wapi kwenye fomu?

Mama Sabra, Leicester
Assalaam alaykum. Afisi ya vyeti imenirudishia faili. Nina BA ya jiografia na mazingira ya UDSM, nataka MSc ya GIS, mifumo ya ramani na taarifa za kijiografia kwa kompyuta. Fomu ina visanduku viwili, sayansi asilia na sayansi ya jamii, na ruhusa ni kimoja tu. Transkripti yangu ina hidrolojia, udongo, takwimu na picha za satalaiti. Ina pia idadi ya watu na mipango miji. Bibi wa dirishani kaigeuza mbele na nyuma, kaniuliza, "Sasa hasa umesomea nini?" Alokwisha kupita hapa anifahamishe, chuo kinafunga maombi Ijumaa.

Abu Nassor, Milton Keynes
Wa alaykum salaam. Mie nilipotathminiwa, ENIC, hiyo afisi ya Uingereza ya kutathmini vyeti vya nje, ilikuwa bado inaitwa NARIC, na sikuulizwa kisanduku chochote. Lakini dada, MSc ya nini? Omba QTS, idhini ya ualimu ya England, ufundishe, walimu wa jiografia wanatafutwa kwa tochi. Tangu 2023 wamewafungulia Waafrika.

Khamis, Cardiff
Abu Nassor, usiwapoteze watu. 2023 ziliongezwa nchi tisa, na za Afrika ni Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe. Tanzania haimo. Na hao waliofunguliwa ni wa hesabati, sayansi na lugha, si jiografia. Tena hiyo ni England, huku Wales kuna mambo yao. Mtu wetu njia yake PGCE, kozi ya ualimu baada ya digrii. Na mwenzio kauliza GIS, hakuuliza ualimu.

Abu Nassor
Haya, mwanasheria.

Bi Zuhura, Boston
Nyie mna visanduku, sisi hata idara hatuna! Harvard walivunja idara yao ya jiografia 1948 na mpaka leo hawajairudisha. Mie na jiografia yangu nikaangukia mipango miji, nikaambiwa nirudie takwimu ya mwaka wa kwanza. Nilikuwa mkubwa darasani kuliko mwalimu.

Mama Sabra
Poleni nyote. Sasa nitie wapi?

Saidi wa Wete, Toronto
Mdogo wangu, tatizo si kisanduku, ni ubobezi. Ukisema "jiografia" mtu anafikiri umekariri miji mikuu. Sema jiomofolojia, yaani elimu ya sura ya nchi, sema hali ya hewa, sema uchoraji ramani, sema jiografia ya watu, hapo utasikilizwa. Mpwa wangu aliyeko Chake Chake, Pemba, kamaliza EGM (uchumi, jiografia na hesabati), wazee wanamsukuma ARU, Chuo Kikuu cha Ardhi, akasomee upimaji ardhi maana una mkate. Yeye hataki. Anataka kujua kwa nini maji ya chumvi yanaingia kwenye mabonde ya mpunga. Mjomba wetu mmoja huchukua udongo wa bonde, akautia kwenye ncha ya ulimi, akakwambia hapa msimu huu usipande. Kijana anataka apime kile anachokionja mzee. Nimemwambia aanzie SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. 2016 wanafunzi wa pale walishiriki na Kamisheni ya Ardhi kurusha droni na kuvipiga picha visiwa vyetu kutoka juu. Hiyo ndiyo GIS, na imefanyika nyumbani.

Abu Nassor
Ndo maana nawaambia, Unguja na Pemba vilikatika bara siku moja, matatizo yetu ni mamoja.

Saidi wa Wete
Havikukatika siku moja, Abu Nassor. Baina ya Unguja na bara maji ni ya kina kifupi, enzi ya barafu bahari ilipoteremka palikuwa nchi kavu. Mkondo wa Pemba unafika mita 800 hivi. Pemba iko peke yake tangu zama na zama, ndiyo maana ina popo wake asiyekuwepo kwengine duniani.

Khamis
Iko peke yake hata kwenye bajeti.

Bi Zuhura
Umesema kweli. Na huyo kijana akishabobea, kazi ataipata bila ya kujulikana na mtu? Sie tukitaka kurudi kusaidia, pasi zimeshabadilika, na uraia pacha Tanzania haina. Ardhi ya babu yangu naiona kwenye satalaiti, na mikarafuu naihesabu, basi.

Msimamizi
Siasa hapa hapana, tulikubaliana.

Bi Zuhura
Mikarafuu imekuwa siasa lini?

Mzee Juma, Copenhagen
Samahani kuingilia mada. Kuna anayeshuka Pemba mwezi ujao? Nina miwani ya dada yangu Mkoani, haina uzito, inaingia mfukoni.