Mafundi wa mashine Dodoma, P0171 haisemi "badilisha sensa"!

Wakuu, nimekaa kimya vya kutosha. Hawa mafundi wetu wa kupima magari kwa mashine hapa Dodoma wanatuumiza, tena wanatuumiza huku wakijiamini kabisa.

Gari langu ni Toyota IST, injini ya 1NZ, cc 1,500. Ilianza kukosa nguvu: ukikanyaga mafuta inasita, inajivuta, halafu ndiyo inaondoka. Mjini unavumilia. Ila ukishika barabara ya Kondoa ukafika vilima vya Kolo, umeshatoka kulipita lori na gari haivuti, hapo hakuna cha kuvumilia. Na taa ya injini inawaka.

Nikaenda gereji moja, jina nalihifadhi. Jamaa akachomeka kimashine chini ya usukani, ikatoka namba ya hitilafu, P0171. Hata boneti hajafungua. "Bosi, oksijeni sensa imekufa." Umejuaje? Akanigeuzia simu nione ile namba, kana kwamba ni hukumu ya mahakama.

Sasa sikilizeni. P0171 maana yake mchanganyiko umekuwa mwembamba, hewa nyingi petroli kidogo. Basi. Haijataja mkosaji. Inaweza kuwa hewa inapenya mahali isipotakiwa, sensa ya kupima hewa imeshika uchafu (vumbi la huku mnalijua), pampu ya mafuta imechoka, au nozeli za kupulizia petroli zimeziba. Sensa ya oksijeni, inayopima moshi unaotoka kwenye injini, ndiyo iliyotoa taarifa! Kuanza kwa kuing'oa ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga filimbi.

Akaing'oa. Akaleta nyingine isiyo na soketi yake, akakata nyaya zote nne, akazisokota kwa vidole na kuzungushia utepe mweusi. Shilingi 180,000, na 30,000 ya "kupima". Akafuta ile namba, taa ikazimika, nikaambiwa gari limepona.

Huu mchezo wa kufuta ndio unaoniudhi kuliko vyote. Tatizo la aina hii kompyuta ya gari haiwashi taa likitokea mara moja, kwa kawaida inasubiri lijirudie safari nyingine. Kwa hiyo unaondoka gereji dashibodi safi, umeshalipa, unamshukuru fundi, na ugonjwa uko palepale. Yangu iliwaka tena nikiwa naelekea Bahi.

Nikarudi. Eti sasa masega, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, yameziba, tuyatoe. Masega yakiziba kweli yanaua nguvu, sikatai, lakini kuna kupima mgandamizo wa moshi kabla ya masega, huendi kwa kukisia. Tena wote tunajua yana wanunuzi, mle ndani kuna platinamu na paladiamu. Nikachukua funguo zangu.

Aliyelitibu ni mzee mmoja wa Kizota, naye ana mashine ileile ya kuchomeka. Tofauti ni kwamba hakuishia kwenye namba. Alifungua data, yaani vipimo vya injini, gari likiwa linanguruma, akanionyesha kompyuta inaongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 20 ili kufidia, wakati gari lisilo na tatizo halitakiwi kuzidi kama 10, iwe kuongeza au kupunguza. Akapima sensa ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, kwa mita huku anaufungua mlango polepole, umeme ukapanda vizuri toka karibu nusu volti hadi zaidi ya nne bila kuruka. Hiyo akaiacha. Halafu akashika ule mpira mweusi unaotoka kwenye boksi la chujio la hewa kwenda kwenye throto, akaukunja kwa mikono miwili.

Kwenye yale makunyanzi yake, upande wa chini, kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Ukiuachia mpira, ufa unajifunga, huuoni hata ukimulika na tochi. Ukikanyaga mafuta injini inajipinda kwenye maunti zake, ile mipira inayoishikilia, mpira unavutwa, ufa unaachama, hewa inaingia ikiwa imeshaipita sensa inayoihesabu. Kompyuta inatoa petroli ya hewa iliyohesabiwa tu. Gari litapata wapi nguvu?

Mpira wa mtumba 25,000. Sensa ya hewa akaipulizia dawa yake maalumu bila kuigusa kwa kitambaa, maana kile kiwaya cha ndani ni chembamba mno. Gari linavuta.

Yule wa kwanza nimemfuata anirudishie hela yangu. Jibu lake: "Bosi, spea ikishafungwa hairudishwi." Nikamwambia basi nipe sensa yangu ya zamani, ile uliyosema imekufa. Ameshaiuza.

Anayemjua fundi umeme wa magari hapa mjini wa kuziunga hizi nyaya kitaalamu na kuzirudishia soketi, anielekeze. Na wewe uliyeambiwa wiki hii ubadilishe sensa, kabla hujatoa hela mwambie fundi akuonyeshe data gari likinguruma. Akianza kukasirika, ondoka.