Kushusha mafuta bila kupima tenki: mnatuchezea roho zetu!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Boza linaingia kituoni, dereva ana haraka, meneja anapiga simu: "Shusheni tu, tenki lina nafasi." Nafasi ya lita ngapi? Nani kapima? Kimya. Mpira unafungwa, vali inafunguliwa, na sisi wapokeaji ndio tumesimama pale mdomoni mwa tenki.

Juzi ninapofanya kazi petroli imefurika. Mtu aliangalia kipimo cha kwenye skrini ofisini akakiamini, fimbo ya kupimia haikuguswa. Tumepona kwa kuwa dereva alikuwa amesimama karibu na vali ya dharura akaifunga. Wangapi hupanda kabini kulala mafuta yakishuka? Na swali la kwanza la bosi lilikuwa lita ngapi zimepotea. Hakuuliza kama kuna aliyeumia!

Hesabu yenyewe haimshindi mtu. Tenki la lita 20,000 halijazwi lita 20,000. Ukiweka kikomo cha asilimia 95, mwisho wako ni 19,000. Fimbo ikisoma 8,000, nafasi ni 11,000. Chemba ya boza (chumba kimoja cha tangi lake) ya lita 12,000 haiingii hapo, basi. Na pampu zinazovuta kwenye tenki hilo zisimamishwe, maana ukiendelea kuuza, kipimo ulichoandika hakina maana tena.

Msiniambie skrini inatosha. Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, kipimo cha tenki kiliganda na swichi ya kuzuia kufurika nayo haikufanya kazi. Zaidi ya lita 250,000 za petroli zilimwagika, wingu la mvuke likalipuka, watu zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Ile ilikuwa ghala kubwa yenye mitambo, sembuse sisi wenye skrini moja isiyofanyiwa ukaguzi.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, unatambaa chini, unaingia kwenye mitaro na mashimo. Ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa, cheche moja inatosha. Halafu unamkuta mtu anawasha pikipiki hatua chache kutoka kwenye mpira, na hakuna hata koni moja iliyowekwa kumzuia!

Waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ndio unanitia hasira zaidi. Mafuta yakipita kwenye mpira yanazalisha umeme tuli, kwa hiyo waya unafungwa kabla ya mpira na unatolewa mwisho kabisa. Lakini watu wanaubana kwenye chuma kilichopakwa rangi, au wanauning'iniza tu ili meneja auone. Huo haujafungwa! Ubanwe kwenye chuma kitupu, kwenye sehemu yake maalumu.

Kuhusu kuhakiki chemba ipi ina dizeli na ipi petroli, na kupima maji chini ya tenki, sitaki hata kuanza.

Wenye vituo na wasafirishaji, nijibuni hapa hapa: kwa nini mpokeaji anayetaka kupima kwanza anaitwa mkorofi? Mimi kuanzia sasa sifungui mdomo wa tenki mpaka namba ya fimbo iandikwe kwenye hati ya mzigo na dereva aisaini. Anayetaka kunifukuza kwa hilo, anifukuze.