Makaa ya miti badala ya koki kwenye kupola: chuma kinatoka kizito

Fundi_Kibuye: Wakuu, kupola yetu (tanuri la wima la kuyeyushia chuma) ina kipenyo cha ndani cha sentimita 45. Tunamimina puli na vipuri vya mashine za posho kutoka chuma chakavu. Koki (makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa) ni ghali, kwa hiyo tumeweka makaa ya mkaratusi debe kwa debe. Sasa chuma kinatoka kama uji, kinaganda kwenye tundu la kutolea, na kingo za puli hazijai. Feni ni ile ile. Kosa ni makaa au hewa? Na briketi (matofali ya kuni) za bagasi, yaani makapi ya miwa, za huko Muhoroni je?

Mvukuto: Debe limekudanganya, fundi. Debe la koki lina karibu kilo 9 na nusu, la makaa halifiki 5. Umekata kaboni nusu. Lakini kujaza debe la pili hakutakuokoa. Makaa ya miti yana vitundu vingi, hivyo kaboni dioksidi inayopanda inayala kabla hayajashuka kwenye moto, inageuka kaboni monoksidi, na kitendo hicho kinameza joto. (Ndiyo maana hewa ya juu ya kupola ni sumu zaidi, msiifanyie kazi ndani ya banda lililofungwa.) Tena chuma kikiyakalia yanapondeka, chenga zinaziba njia ya hewa.

Kitanda cha chini kiwe koki tupu, sentimita 90 hivi juu ya matundu ya hewa. Kwenye chaji (mafuta na chuma unavyojaza kwa zamu juu ya kitanda) badilisha robo tu: palipokuwa na kilo 8 za koki kwa kilo 60 za chuma, weka koki 6 na makaa 2 na nusu. Kwa mizani! Vipande viwe sentimita 4 hadi 8.

Briketi achana nazo. Zilizoshikanishwa kwa molasi zinabomoka kwenye joto, na majivu ya bagasi yamejaa silika (madini ya mchanga).

Nakuru_Subu: Halafu makaa ya jikoni mengi hayajaiva. Weka kipande motoni: kikitoa moshi na mwali wa njano, bado ni kuni nusu. Kilichoiva hulia kama kigae ukikigonga. Yasiyoiva yarudishe kwenye pipa lenye kifuniko na tundu dogo, washa moto chini, ngoja mpaka mwali wa tunduni uzimike. Ziba tundu, uache pipa lipoe hadi asubuhi. Ukifungua likiwa moto, yatawaka yote.

Fundi_Kibuye: Na chenga nitupe?

Nakuru_Subu: Hapana, wauzie wenye tanuri la umeme. Chenga kavu za milimita 2 hadi 6 huwekwa chini ya chuma kabla hakijayeyuka, ili kukiongezea kaboni. Zikimwagwa juu zinaelea na kuungua bure. Kupandisha kaboni asilimia 1 kwenye kilo 100 hula kama kilo 2. Salfa karibu hamna, na hapo koki haifui dafu.