Vitanda vya taa vya kuota jua: ni kweli vinaongeza vitamini D?

BintiTanga
Shikamooni wakubwa. Nipo Leeds, nimepata kazi ya usafi kwenye saluni ambayo wazungu wanalala ndani ya vitanda vya taa ili ngozi iwe kahawia. Baridi hii jua silioni, mifupa inauma, GP (daktari wangu wa mtaa) kanipima kasema vitamini D iko chini. Meneja anasema nikimaliza kupiga deki nijilaze kidogo, bure, na eti sisi weusi hatuungui. Kuna aliyejaribu? Nimerudi juzi kutoka nyumbani, bado namalizia doksi ya kinga ya malaria, kwa hiyo mwili wenyewe umechoka.

Mteja_wa_Temeke
Bosi anayekulipa kwa saa akikupa cha bure, kikague kwanza.

MamaNesi
Marahaba mwanangu. Usilale humo. Nimefanya kliniki ya ngozi Birmingham mpaka nikastaafu.

Hiyo doksi umeitaja kama jambo dogo, kumbe ndiyo kubwa. Ikiwa mwilini, ngozi huungua kwa mwanga ambao siku nyingine usingekudhuru, na weusi wako hautakukinga vya kutosha.

Halafu vitamini D hutengenezwa kwa UVB, aina mojawapo ya miale ya jua. Taa zile hutoa zaidi UVA, inayozama ndani, inazeesha ngozi na kuharibu vinasaba. Na rangi yetu inayotupunguzia kuungua ndiyo hiyo hiyo inayochelewesha vitamini kutengenezwa. Meneja hilo hakulisema, ana kitanda cha kuuza.

Mwaka 2009 IARC, taasisi ya saratani ya WHO, iliviweka vitanda hivi kundi moja na sigara. Brazil ikavipiga marufuku mwaka huohuo. Hapa England, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi tangu 2011.

Nunua vidonge vya vitamini D, maikrogramu 10 kwa siku. Kwa sisi weusi huku inashauriwa hata kiangazi. Ila kwa kuwa kipimo kimeshuka, muulize GP kama unahitaji dozi kubwa zaidi.

BintiTanga
Asante sana mama. Sasa swali: wakati mwingine nafuta kioo taa zikiwa zinawaka, mteja anayefuata anasubiri mlangoni. Kuna shida?

MamaNesi
Ipo, na kubwa machoni. Kufumba hakutoshi, kope hazizuii miale ile yote. Zima kitanda, kisha ndiyo ufute, na uvae glavu kwa ajili ya dawa ya kufutia. Mteja asubiri.