Mrejesho: Deki ya CD ya marehemu mzee imeuzwa

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza niuzeje deki ya CD ya marehemu baba, Marantz CD-94 ya miaka ya 1980, baada ya fundi mmoja kutaka kunipa laki moja na nusu. Mliniambia nisiiachie. Asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa kuifungua kwanza na kupiga picha za ndani. Chipu ya Philips TDA1541A, ile inayogeuza data za CD kuwa sauti, ikaonekana vizuri, pamoja na ule mkono wa lenzi unaopepea kushoto na kulia badala ya kutembea kwenye reli. Picha hizo ndizo zilizouza! Waliokuwa wakiniuliza "bei ya mwisho?" wakaanza kuuliza maswali ya maana.

Aliyeinunua ni mzee wa hapa hapa Dar. Alikuja na CD yake ya taarabu, akaweka, akafumba macho wimbo mzima. Mimi nimesimama tu. Hakupunguza hata shilingi: milioni moja na laki sita, taslimu.

Jambo moja kwa anayeuza kama yangu: hii ilitoka Japani, inatumia volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 unaiunguza. Nimempa na transfoma ya baba, nikaandika kwa maka peni juu ya plagi.

CD za baba sijauza. Zile zinabaki nyumbani.